Mabao Sita Yangali Yakidai Jibu

Mucojo ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Macomia, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wenyeji wake wengi ni Wamwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Tangu vita vilipozuka Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, watu wa mwambao huo wamekimbia, wakarudi, na kukimbia tena. Kwa hiyo tulipoketi na mzee mmoja mvuvi chini ya minazi, tulitazamia atuulize habari za usalama, za chakula na za nyavu. Aliyauliza yote hayo. Kisha, tulipokuwa tukiaga, akatushika mkono:

"Wanangu, nyinyi mnaosoma magazeti, hebu niambieni. Yale mabao sita, nani aliyekuja kuyatolea maelezo?"

Tulidhani amechanganya mambo. La, hasha. Mzee huyu alivushwa mto Ruvuma na wazazi wake akiwa mtoto, wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, akakulia kusini mwa Tanzania. Huko ndiko alikoipenda Yanga. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 alirejea kwao, na mapenzi yake akayachukua pamoja na redio. Mabao aliyoyataja ni yale ya tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akipachika matatu peke yake.

Yafaa tukumbushane jinsi jambo hilo lilivyotokea, maana kipigo kile hakikuanzia uwanjani. Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, ilikuwa imetwaa ubingwa wa Tanzania mfululizo tangu mwaka 1968 hadi 1972. Mwaka 1974 iliutwaa tena kwa kuishinda Simba 2-1 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Timu ilikuwa na kina Sunday Manara na Gibson Sembuli. Kwa macho ya shabiki, hapakuwa na kilichopungua.

Kumbe ndani ya nyumba palikuwa pakifuka moshi. Ukazuka mgogoro baina ya uongozi na kundi la wachezaji na wanachama. Klabu ikagawanyika, na kila upande ukapewa jina la viatu: wa huku wakaitwa Kandambili, wa kule wakaitwa Raizoni, kwa jina la viatu vya soli nene vilivyopendwa na vijana wa siku hizo. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwaka 1976 wachezaji hodari waliondoka, na kutokana na mpasuko huo ikazaliwa klabu ya Pan African. Mwaka uliofuata yakaja mabao sita. Simba ilitwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, 1976 hadi 1980.

Sasa tumtazame shabiki. Viongozi walikuwa na upande wao, na wachezaji walikuwa na upande wao. Mvuvi wa Mucojo alikuwa na redio tu. Hakuna aliyemwuliza, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuna aliyemweleza. Jioni moja alisikia majina aliyoyazoea hayatajwi tena, na jioni nyingine akasikia idadi ya mabao.

Wapo watakaosema kwamba waliohama walifaulu. Ni kweli kwamba Pan African ilitwaa ubingwa mwaka 1982. Ni kweli pia kwamba Leodegar Tenga, aliyetoka Yanga akachezea Pan African, alikuwa nahodha wa Taifa Stars katika fainali za Afrika mjini Lagos mwaka 1980, na baadaye akawa rais wa shirikisho la mpira la Tanzania. Lakini Pan African hiyo leo haimo katika Ligi Kuu, na Yanga imo. Tofauti yao ni nini? Wachezaji walihama, viongozi walihama, bali umma wa mashabiki haukuhama. Shabiki alibaki na Yanga yake, akanung'unika, akalipa kiingilio. Kwa hakika mwenye klabu ni yule asiyeweza kuiacha.

Klabu zenyewe zimelikubali jambo hilo, ingawa kwa kuchelewa. Wanachama wa Simba, na wale wa Yanga mwaka 2021, walipopitisha mabadiliko ya uendeshaji ili kumkaribisha mwekezaji, walijiwekea asilimia 51 ya umiliki. Hata hivyo hisa peke yake haimtulizi mtu. Kinachomtuliza ni hesabu kusomwa mbele yake.

Sisi tuliovaa sare tusidhani kwamba habari hii ni ya raia peke yao. Klabu za majeshi zimepata ubingwa: Matchedje ya jeshi la Msumbiji mwaka 1987 na 1990, Ulinzi ya Kenya mara nne. Katika klabu hizo mchezaji hupewa amri, naye hutii. Lakini amri haijazi majukwaa, wala haizuii manung'uniko ndani ya bweni. Tulipokuwa chuoni tukisomea uofisa, timu yetu ilichangiwa fedha za viatu, na viatu havikuonekana. Minong'ono ilienea hata mazoezi yakawa ya kujivuta. Siku moja mkufunzi mmoja alitupanga gwaride, akasoma hesabu yote, senti kwa senti. Fedha ilikuwa haikutosha. Hapakuwa na wizi. Viatu hatukupata, ila jioni ile timu nzima ilikuwa uwanjani.

Na ninyi ndugu zetu askari polisi, mnaopangwa langoni siku ya mchezo mkubwa, mtawaona watu wakipiga kelele nje ya ofisi ya klabu. Atakayerusha jiwe ashikwe, sheria ni sheria. Lakini anayepaza sauti tu akidai kujua fedha zimekwenda wapi na kocha ameondoka kwa nini, huyo si adui wa amani. Ni mtu anayeiulizia mali yake. Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyekwisha kunyamaza.

Tulimsimulia mzee yote tuliyoyajua: mgogoro, Kandambili na Raizoni, Pan African. Alisikiliza hadi mwisho, akitengeneza wavu wake.

"Basi ni hayo tu?" akasema. "Hayo wangetuambia siku ile ile. Tungekasirika, tungelala, asubuhi tungeamka ni Yanga."

Nyumba yake imechomwa, mashua yake haipo, naye bado anaidai klabu ya ng'ambo ya Ruvuma maelezo ya mwaka 1977. Kiongozi yeyote, wa timu, wa kombania au wa kituo cha polisi, na akumbuke kwamba watu husamehe kushindwa upesi kuliko wanavyosamehe kunyimwa habari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.