Feni ya Zimamoto: Je, Chama Kinunue?

Kikundi kimoja cha akina mama wa Kawangware kimetuuliza swali ambalo hatukulitarajia. Mmoja wao aliona picha za wazimamoto wakiweka feni kubwa mbele ya mlango wa jumba linalofuka, na moshi ukatoka wote. Sasa wanasema: tukichanga pesa za chama tukanunua feni kama hiyo, si itatuokoa? Tumeonelea tujibu hapa ili na vikundi vingine vifaidike.

Feni hiyo huwekwa nje, hatua mbili tatu kutoka mlangoni, ili upepo wake uufunike mlango wote. Hewa ikijaa ndani hutafuta pa kutokea, nayo husukuma moshi na joto kupitia dirisha lililofunguliwa karibu na moto. Wazimamoto huingia upepo ukiwa mgongoni, na wanaona wanakokwenda. Huko Marekani ilianza kuenea miaka ya 1980, na kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa moshi baada ya moto kuzimwa.

Lakini si mchezo. Moto hula hewa. Ukiwasha feni kabla ya kufungua pa kutokea, au kabla mpira wa maji haujawa tayari, umeulisha moto. Na kama kuna mtu kati ya moto na dirisha lile, joto lote linamwendea yeye.

Sasa tuangalie nyumba zetu. Kibera vyumba vingi vimo chini ya paa moja, na mara nyingi ukuta wa katikati haufiki kwenye mabati. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Feni ingepeleka moto juu ya ukuta moja kwa moja hadi kwake. Kwa hivyo jibu letu ni hapana, msinunue. Ghorofa za mawe zinazojengwa Kawangware ni habari nyingine. Ngazi ikijaa moshi, feni yaweza kuisafisha, lakini hiyo ni kazi ya wazimamoto waliofunzwa. Na feni ya mezani ndiyo isiguswe kabisa.

Jambo la hewa, hata hivyo, linatuhusu sana. Tumeona watu waking'oa mabati juu ya chumba kinachoungua, ati moshi utoke. Moshi unatoka kweli, na moto unapanda juu kwa nguvu mpya. Watu wakishatoka, mlango ufungwe, stima izimwe kwenye swichi kubwa, na mtu asirudi kuchukua redio. Aliye ndani atambae chini, kwa maana moshi huua kabla ya moto kumfikia.

Mabati ya kubomoa ni yale yaliyo mbele, upande upepo unakoelekea, vyumba kadhaa kabla ya moto kufika. Mbao na magodoro yaondolewe, pengo libaki tupu. Vijana wa Kibera wanaijua kazi hii. Shida ni kwamba hakuna anayekubali chumba chake kibomolewe ili cha mwenzake kipone, basi watu hubishana mpaka moto unafika.

Hapo ndipo tungeweka pesa ya feni. Nunueni filimbi, ndoano za miti mirefu na mitungi ya maji. Zinazobaki ziwe akiba ya kumjengea tena yule atakayebomolewa. Mapatano hayo yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi kabla ya kiangazi, na mwenye ploti aitwe atie sahihi.