Hekima ya Ukoo na Hoja ya Mtu: Utafiti wa Falsafa katika Wilaya za Bukoba na Muleba

Utafiti wa falsafa unaotumia data za uwandani kutoka Bukoba na Muleba hukabiliwa na swali la msingi: mzee anapohojiwa, anayesema ni jamii au ni yeye mwenyewe? Kauli kama "Wahaya huamini kwamba ardhi ni mali ya ukoo" huweza kuwa sahihi, lakini huificha hoja, na hoja ndiyo malighafi ya falsafa.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka (1944–1995) alilishughulikia suala hilo kwa kuwahoji wazee wa vijijini nchini Kenya tangu miaka ya 1970. Katika kitabu chake *Sage Philosophy* (1990), alitofautisha aina mbili za wenye hekima. Wa kwanza huyajua mapokeo na kuyaeleza kwa ufasaha. Wa pili huyajua pia, lakini huyapima kwa akili yake na huweza kuyakataa kwa kutoa sababu. Tofauti hiyo hujitokeza pale mtafiti anapoleta pingamizi na kusubiri jibu. Oruka aliwataja wazee hao kwa majina, ili kila hoja iwe na mwenyewe.

Umuhimu wa mbinu hiyo unadhihirika katika suala la ardhi ya ukoo. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo muda wote wa uhai wake, lakini zilimnyima haki ya kuiuza. Katika shauri la *Ephrahim dhidi ya Pastory*, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na ndugu yake akapinga. Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, ilibatilisha mauzo hayo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo ulikiuka Katiba.

Mdai na mdaiwa walikuwa wa ukoo mmoja. Mtafiti anayeandika "Wahaya huamini" huugeuza msimamo wa upande mmoja kuwa falsafa ya wote, na msimamo wa yule mwanamke kuwa ukiukaji wa mila.

Kwa hiyo, mahojiano hayana budi kuwahusisha wanawake na warithi pamoja na wazee wa ukoo, na kuhifadhi maswali ya mtafiti sambamba na majibu. Jina la msemaji litajwe kwa ridhaa yake. Rasimu isomwe kwenye semina ya idara, kisha irejeshwe kijijini ili waliohojiwa waweze kuipinga. Tasnifu isiyoonyesha pingamizi lolote huwa imekusanya mila. Bado haijaonyesha namna watu wanavyozifikiria.