Mkono Mwepesi: Masaji ya Limfu Baada ya Upasuaji wa Kurekebisha Maumbile

Katika mitaa ya Mbagala, Tandale na Tegeta, mtu aliyetoka hospitali hapokelewi kwa pole peke yake. Hupikiwa uji, huchemshiwa maji, na mjuzi wa kukanda huitwa. Desturi hiyo ya pwani, hasa kwa mama aliyejifungua, ina heshima yake. Lakini kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kurekebisha maumbile, mkono wenye nguvu na maji ya moto vyaweza kumrudisha wodini.

Upasuaji huo una sura nyingi: kulegeza kovu la moto lililokunja kiwiko, kuunda upya titi lililoondolewa kwa sababu ya saratani, au kupunguza mafuta ya tumbo. Kila aina huacha uvimbe. Sababu yake ni rahisi kueleza. Damu inapopita katika mishipa midogo kabisa, maji kiasi huvujia katika nyama za mwili. Maji hayo hukusanywa na mishipa ya limfu, huchujwa katika tezi za kwapani, kinenani na shingoni, kisha hurejea katika damu karibu na mtulinga. Limfu haina moyo wa kuisukuma. Hutegemea kujikaza kwa mishipa yake, mwendo wa misuli na pumzi. Kisu kikikata baadhi ya mishipa hiyo, maji hukosa njia kwa muda.

Katika miaka ya 1930, Emil Vodder wa Denmark na mkewe Estrid, wakifanya kazi Ufaransa, walibuni masaji ya kuyasaidia maji hayo kupita. Mkono huvuta ngozi taratibu bila kuibonyeza misuli. Huanzia shingoni na kwenye tezi zilizo nzima ili kufungua njia, ndipo husogea karibu na palipovimba. Mgonjwa akisikia maumivu, nguvu imezidi.

Kwa baadhi ya wagonjwa masaji hii hupunguza uvimbe na maumivu, ingawa ushahidi wa kitafiti bado ni mdogo. Haichukui nafasi ya kutembea mapema wala ya nguo ya kubana. Joto la Dar es Salaam huwafanya wengi waivue nguo hiyo kabla ya wakati. Ni vema kumweleza daktari adha hiyo kuliko kuiacha kimyakimya.

Yapo yasiyofaa kufanywa kamwe. Kidonda kisikamuliwe ili kutoa maji. Maji yakijikusanya chini ya ngozi, kuyatoa ni kazi ya daktari, kwa vifaa safi. Masaji isifanywe penye usaha au homa, wala kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi au anayedhaniwa kuwa na damu iliyoganda mguuni. Ngozi iliyopandikizwa isiguswe mpaka daktari aruhusu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, mgonjwa awahishwe hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wahudumu wa afya, mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, katika ngozi nyeusi wekundu wa maambukizi hujificha. Pimeni ujoto kwa mgongo wa mkono na kulinganisha pande mbili. Pili, jiji hili limeishi na matende na mabusha kwa muda mrefu, maradhi yanayoenezwa na mbu wanaozaliana katika vyoo vya shimo na mifereji iliyoziba. Mgonjwa aliyewahi kuyaugua huenda mishipa yake ya limfu ilikwishaharibika kabla ya upasuaji. Aulizwe mapema.

Nawe mgonjwa, kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, uliza: masaji ianze lini, sehemu gani isiguswe, na nani atanifundisha? Ukiweza, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia amwonyeshe pia ndugu atakayekuuguza. Mwambie aweke mkono wake juu ya mkono wa ndugu huyo, ili ajue wepesi unaotakiwa ni upi.