Nani Atamgeuza Mgonjwa Saa Nane Usiku?

Kidonda cha kulalia hakianzi kama kidonda. Vitabu vingi vya uuguzi hufundisha kutafuta wekundu pale mfupa unapokaribia ngozi, yaani kisiginoni, nyongani na chini ya mgongo: bonyeza kwa kidole, na wekundu usipofifia, hatari imeshaingia. Lakini ngozi nyeusi ya bibi wa Rombo aliyelazwa kwa kiharusi haitoi wekundu wa kitabuni. Nesi hodari huutafuta ubaya huo kwa mkono. Hupapasa akitafuta mahali penye joto kuliko pembeni yake, pagumu au palipolegea kuliko kawaida. Akipapata humgeuza mgonjwa, kisha humgeuza tena baada ya kama saa mbili, mchana na usiku. Hakuna mashine hapo. Florence Nightingale aliandika mwaka 1859 kwamba kidonda cha namna hii, mara nyingi, ni kosa la uuguzi na si la ugonjwa. Nakubali, ila kizimbani nitamwongeza mshtakiwa wa pili: anayelipa.

Ngazi za matibabu tunazijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa pale Mawenzi, kisha ya kanda, KCMC. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotokana na sheria ya 1999, hulipia vinavyohesabika, kama kumwona daktari, vipimo, dawa na upasuaji. Kugeuzwa hakuhesabiwi, kumemezwa na bei ya kitanda, na kisicho na bei hakina wa kukipigania. Wapo watakaosema ndugu watafanya, na Kiswahili chenyewe kinawaunga mkono, maana binti wa mgonjwa naye tunasema anauguza. Sawa, na mtori wake kutoka Marangu hauna mshindani. Lakini muda wa kutazama wagonjwa ukiisha binti huyo hutolewa nje, na nani alimfundisha kumwinua mama badala ya kumburuta, shuka lisimchubue? Wengine watasema dawa kwanza. Kidonda kikishafika mfupani, dawa hizohizo ndizo zitakazoliwa, wiki baada ya wiki, na kitanda juu yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kadi zikienea, wodi zitajaa zaidi. Mikono ya kugeuza itatoka wapi? Ukienda kumtazama mgonjwa wako jioni ya leo, mwulize nesi kwa upole: usiku huu uko zamu na nani, na wa kugeuzwa ni wangapi?