Waliokumbukwa kwa Mkwaju Mmoja

Mchezo wa mpira, ndugu wasomaji, umeingia katika nyumba zetu kama ilivyoingia chai, wala hapana mtu ajuaye siku ulipobisha hodi. Hapa kwetu Wazo, tangu chini ya kilima cha saruji hata kufika njia ya Bagamoyo, ni shida kuipata nyumba isiyokuwa na Simba wake au Yanga wake, na mara nyingi wote wawili hula sinia moja. Sisi tufundishao watoto twayajua matokeo kabla ya kuulizia, kwani mtoto ambaye timu yake imefungwa jana, hata kisomo chake cha leo hutoka kwa sauti ya chini.

Si nia yetu kusema ni ipi iliyo bora baina ya timu hizi mbili, Yanga ya mwaka 1935 na ndugu yake aliyemfuata mwaka 1936, ambaye aliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 alipopewa jina la Simba. Atakaye jawabu ya hayo na aende barazani baada ya Isha, atapewa majawabu mawili na ugomvi mmoja. Sisi twataka kueleza jambo ambalo limetushangaza kwa muda mrefu: ya kuwa washabiki wakikaa kitako kukumbuka, wale mafundi wakubwa huwapitia upesi, kisha hutulia juu ya mtu ambaye hapana aliyemtazamia.

Mchukueni Abdallah Kibadeni, mtoto wa Mbagala, huko Temeke. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao sita kwa bila, na matatu kati ya hayo aliyafunga yeye. Wazee humwita Mfalme, na ni haki yake. Lakini angalieni namna wanavyomtaja: humtaja kama mtu atajavyo mlima. Ulikuwapo, ni mrefu, basi. Hapana anayeinuka kitini kuonyesha kwa miguu yake jinsi ilivyokuwa.

Sasa litajeni jina la Christopher Alex Massawe, mtazame watu wanavyoinuka.

Mwaka 2003 Simba ilipangwa na Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika wa mwaka 2002. Katika mchezo wa Dar es Salaam Simba ilishinda bao moja kwa bila, mfungaji akiwa Emmanuel Gabriel. Ushindi huo ulipendeza, lakini kusema kweli wengi waliuona kuwa ni akiba ndogo ya kusafiri nayo mpaka Cairo. Na huko Cairo Zamalek nao wakapata bao lao moja, ikawa sawa kwa sawa, na shauri likaachiwa mikwaju ya penalti.

Huku kwetu wengi hatukuuona mchezo ule kwa macho, tuliusikia. Asikiaye huteseka kuliko aonaye, kwa sababu kati ya neno na neno la mtangazaji moyo wake hukimbia mbele na kurudi. Golini alikuwa Juma Kaseja, ambaye wengi walisema kimo chake si kimo cha mlinda mlango. Mfupi huyo akaizuia mikwaju ya Wamisri. Kisha akaitwa Christopher Alex. Hakuwa mshambuliaji wa kutiwa katika picha za ukutani. Alikuwa kiungo, na kazi ya kiungo ni kama kazi ya nguzo ya kati: nyumba ikisimama husifiwa paa. Akauchukua mpira, akapiga, ukaingia. Simba tatu, Zamalek mbili, na bingwa wa Afrika akavuliwa ubingwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Simba ikaingia katika makundi pamoja na Enyimba, Ismaily na ASEC. Kocha wa timu ile alikuwa James Siang'a wa Kenya, ambaye naye zamani alikuwa mlinda mlango.

Vijana waliozaliwa baada ya mwaka huo huusimulia mkwaju ule kana kwamba walikuwa wamesimama nyuma ya goli. Tumewahi kumwuliza mmoja, Christopher Alex alitoka wapi, akaishia wapi? Akanyamaza. Alijua mguu uliopiga na upande ulioingia mpira, lakini hakujua ya kuwa mwenye mguu alifariki Dodoma mwaka 2013, baada ya kuugua, kabla ya kuufikia uzee. Ilikuwa miaka kumi tu tangu usiku wa Cairo. Na huyo kijana si peke yake; mkwaju umebaki mdomoni mwa watu, na mtu mwenyewe amewaponyoka.

Kwa nini basi moyo wa mshabiki humchagua mtu wa namna hii? Sisi twaona sababu i wazi. Mshambuliaji hufunga kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa, kama mwashi ajengavyo ukuta. Lakini mtu aliyewekwa kukaba, au beki aliyewekwa kuzuia, akifunga siku ya dhiki, fundi cherehani na mchukuzi wa mizigo hujiona wao. Hebu tazameni mchezo wa Oktoba 2013. Yanga ilikwenda mapumzikoni ikiongoza matatu kwa bila, moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza, na wapo watu wa Simba walioanza kutafuta viatu vyao. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akarudisha moja, kisha Joseph Owino, kisha Gilbert Kaze, ikawa tatu kwa tatu. Owino na Kaze wote ni mabeki! Sare ile ikasherehekewa kuliko ushindi mwingi, na mpaka leo mtu wa Simba akitaka kumwudhi jirani yake humtajia jina la Kaze.

Yanga nao wana wao, wala tusidhulumu. Tarehe 8 Machi 2020 Bernard Morrison, kijana wa Ghana aliyekuwa ameingia Jangwani miezi michache tu nyuma, aliifunga Simba kwa mpira wa adhabu, na lile likawa bao pekee. Kwa wiki kadhaa hapakuwa na jina jingine. Mwaka huohuo akahamia Simba! Kesi ikafika mpaka mahakama ya michezo ya kimataifa, Yanga ikashindwa, na mwaka 2022 bwana huyo akarudi Yanga, na wale waliomlaani wakampigia makofi. Hili tumelicheka sana, lakini ndani yake mna jambo: washabiki hawakuwa wamempenda mtu, walipenda dakika moja ya mtu, na dakika ile haikuhama timu.

Kaseja yeye alizidi dakika. Alikwenda Yanga, akarudi, akaenda timu nyingine ndogo, wakasema amekwisha. Mwaka 2019 akaitwa tena timu ya taifa, na Burundi walipokuja Dar es Salaam kugombea njia ya Kombe la Dunia, mchezo ukaishia penalti, Warundi hawakupata hata moja. Mfupi yuleyule.

Twawaomba basi vijana wa nyumba zetu jambo moja lisilogharimu zaidi ya daftari na kalamu. Katika mitaa ya Temeke, Mbagala, Magomeni na hapa Wazo wamo wazee waliouona mwaka 1979, Simba ilipofungwa manne hapa nyumbani na Mufulira Wanderers, kisha ikaenda Zambia ikarudisha matano. Wapo na waliocheza wenyewe, leo wakikaa mlangoni bila kuamkiwa na wapitao na jezi. Nendeni kwao baada ya Alasiri, muwaamkie kwanza, kisha muwaulize: mchezaji gani hakutazamiwa, alitoka kijiji gani, alifanya nini baada ya mpira, na kama yu hai, yuko wapi na hali yake ni ipi. Andikeni jina lake kamili, si lakabu peke yake.