Risasi Moja, Mahali Pake

Bangwe ni pwani ya dagaa na migebuka, lakini ikaribiapo Idi ya Kuchinja macho ya watu huelekea barabara ya Kasulu, wateremkapo ng'ombe wa Buha wenye pembe ndefu. Wengi hufika salama. Mmoja mmoja huvunjika mguu garini, na mara nyingine fahali hukata kamba akaingia mitaani. Hapo ndipo tunapojiaibisha: mawe, marungu na mapanga, na watoto wakishangilia nyuma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo.

Sisi tunasema hivi. Anayeweza kushikwa na achinjwe, tena palepale alipoangukia, wala asiburutwe kwa mguu uliovunjika. Mtume (S.A.W.) aliagiza kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Kila aliyekaa chuoni analijua hilo, ingawa butu la visu vyetu halionyeshi kwamba tulilisikia.

Asiyeshikika ndiye wa bunduki. Lakini bunduki ipi? Gobore lisitajwe kabisa. Bunduki ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 yaweza kumwua ndama. Fuvu la fahali ni nene, na risasi ile humwongezea ghadhabu tu. Bunduki ya vita hupenya na kutokea upande wa pili, na nyumba zetu zimebanana. Akiweza kusogelewa, shotigani humwangusha mara moja, na marisawa yake hayasafiri mbali kama risasi.

Wengi hulenga katikati ya macho. Hilo ni kosa, kwani risasi huishia katika uwazi wa pua na mnyama hubaki hai na maumivu yake. Chora kwa fikra mstari kutoka kila jicho hadi shina la pembe ya upande wa pili. Mistari inapokatana, ndipo ulipo ubongo. Mtutu usigusishwe kichwani, maana waweza kupasuka. Shibiri moja yatosha.

Si kila mwenye bunduki aitwe. Silaha zina sheria yake ya mwaka 2015, na wapo polisi na askari wa wanyamapori waliofunzwa.

Linabaki suala la uhalali wa nyama, nalo ndilo linalomfanya mwenye mali asite huku mnyama akiteseka. Ng'ombe aliyepigwa ubongoni, moyo wake huendelea kupiga kwa dakika kadhaa, na kisu kikiwahi damu hutoka. Tena imepokewa kwamba ngamia alipotoroka akapigwa mshale, Mtume aliruhusu. Je, risasi ni kama mshale? Wanazuoni wamehitilafiana, na sisi si mamufti. Tunawaomba masheikh wa Ujiji walitolee kauli mapema, wakae na afisa mifugo na mkuu wa kituo cha polisi, na Bangwe ijulishwe kabla ya malori kuanza kuteremka ni nani wa kuitwa.