Wastaafu wa Magharibi Nchini Thailand: Wageni wa Mwaka Hadi Mwaka

Maelfu ya wastaafu kutoka Uingereza, Marekani, Ujerumani, Australia na nchi za Skandinavia wamehamia Thailand. Wengi wako Pattaya, Hua Hin, Phuket na Chiang Mai. Wengine wameingia ndani zaidi, vijijini Isan, kaskazini mashariki mwa nchi, wanakoishi na wake zao wa Kithai na ukoo mzima wa wakwe. Chanzo cha uhamiaji huo kiko kwa sehemu katika Vita vya Vietnam, Marekani ilipokuwa na viwanja vya ndege za kivita Udon Thani, Korat na U-Tapao. Pattaya, iliyokuwa kijiji cha wavuvi, ikawa mahali pa askari kwenda kupumzika, na baadhi yao walirudi uzeeni. Sababu nyingine ni ya kifedha. Julai 1997 serikali iliacha kuilinda thamani ya baht, na dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa baht 25 hivi ikapanda kupita 50 mwanzoni mwa 1998. Mtu mwenye pensheni ya kawaida kabisa huko Ulaya akaweza kupanga nyumba nzuri, kula hotelini kila siku na bado akabakiwa na akiba.

Leo watu hao wakikutana, jambo la kwanza kuzungumzwa ni kibali cha kukaa. Mstaafu wa kigeni lazima awe amefikisha miaka 50, kisha aonyeshe ama baht 800,000 katika benki ya Thailand, ama kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa hivyo viwili. Kibali ni cha mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mtu aliyekaa miaka 20 anaomba upya sawa na aliyefika juzi, na hakuna kiasi cha miaka ya kustaafia hapo kinachompeleka moja kwa moja kwenye ukaazi wa kudumu. Ukaazi huo kwa kawaida hutafutwa na waliofanya kazi na kulipa kodi nchini, na hata wao wanagombea nafasi 100 tu kwa mwaka kwa kila taifa.

Siku ya maombi huanza benki. Kitabu cha akaunti kinatakiwa kionyeshe salio la siku hiyo hiyo, kwa hiyo mwombaji huweka au hutoa baht mia kadhaa asubuhi ili mstari mpya uchapwe, kisha huomba barua yenye mhuri wa benki. Kutoka hapo anakwenda ofisi ya uhamiaji na bahasha ya nakala za pasipoti, kila ukurasa ukiwa na sahihi yake, mkataba wa nyumba, na mara nyingi ramani ya kuchora kwa mkono inayoonyesha njia ya kufika anakoishi. Ofisi moja hudai picha za nyumba, nyingine haidai. Kutolingana huko ndiko kunakowachosha watu kuliko ada yenyewe, ambayo ni baht 1,900 tu. Tena kila baada ya siku 90 mgeni anapaswa kuthibitisha anwani yake, na akichelewa faini ni baht 2,000.

Kanuni zenyewe nazo hubadilika. Kuanzia mwanzoni mwa 2019 balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato, na waliokuwa wakizitegemea ikabidi watafute baht 800,000 za kuweka benki au waanze kuhamisha pensheni yao kila mwezi kwa njia inayoonekana kwenye taarifa za benki. Mwaka huo huo likaja sharti kwamba fedha za akiba zibaki kamili kwa miezi mitatu baada ya kibali kutolewa, na baadaye zisishuke chini ya 400,000. Kwa mtu ambaye hiyo ndiyo akiba yake yote, maana yake ni kwamba nusu yake hawezi kuigusa hata akiugua.

Hofu ya pili ni thamani ya fedha. Katikati ya miaka ya 2000 pauni moja ilikaribia baht 70. Kufikia 2019 ilikuwa imeshuka chini ya 40. Pensheni ya pauni 1,000 kwa mwezi, iliyokuwa ikilivuka sharti la kipato bila shida, ikawa haifiki hata theluthi mbili zake, ingawa mwenyewe hakupoteza senti moja. Kwa Waingereza kuna jeraha jingine. Serikali yao huongeza pensheni ya taifa kila mwaka kwa wastaafu walioko nyumbani, Ulaya, Marekani na hata Ufilipino, lakini si kwa walioko Thailand. Hawa hubaki na kiasi kile kile walichoanza nacho mpaka kufa. Duniani kote waliofungiwa pensheni hivyo ni zaidi ya 400,000, wengi wao wakiwa Australia, Kanada na New Zealand. Walichangia mfuko ule ule kwa miaka ile ile, na malalamiko yao ni ya haki.

Mmarekani ana mzigo wa aina yake: nchi yake humdai hesabu za kodi popote alipo, kwa sababu tu ni raia wake, na akiba zake za nje zikizidi dola 10,000 lazima zitangazwe. Sheria ya 2010 inayozitaka benki za kigeni kutoa taarifa za wateja wa Kimarekani ilizifanya baadhi yake zikatae kabisa kuwafungulia akaunti. Thailand nayo, tangu Januari 2024, inawahesabu waliokaa siku 180 au zaidi kwa mwaka kuwa wanaweza kutozwa kodi kwa kipato cha nje wanachokiingiza nchini, hata kama kilipatikana mwaka uliotangulia. Zamani kusubiri mwaka upite kulitosha.

Nyumba na ndoa huenda pamoja. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi. Anaweza kununua fleti katika jengo ambalo wageni hawazidi asilimia 49 ya eneo lake, au kukodi ardhi kwa miaka 30. Aliyeoa Mthai hujenga kwenye kiwanja cha mkewe, na siku ya kununua wote wawili hukaa mbele ya afisa ardhi na kutia sahihi tamko kwamba fedha ni za mke peke yake. Ndoa ikivunjika, mume hana cha kudai kwenye ardhi hiyo. Wanasheria huwashauri wasajili haki ya kuitumia nyumba maisha yao yote, ila wengi huona haya kuomba jambo kama hilo wakiwa bado wachumba.

Kabla ya hapo kuna sin sod, mali anayotoa bwana harusi kwa wazazi wa mke, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja kuwa ni mahari. Mzungu aliyekulia mahali ambapo ndoa ni ya watu wawili tu huiona kama bei. Vivyo hivyo anaposikia kwamba mama mkwe amelazwa na yeye ndiye anayetazamiwa kulipa, au kwamba ada ya shule ya mtoto wa shemeji haijatimia. Wapo waliotapeliwa kweli, na visa vyao husimuliwa sana. Lakini kumlea mzazi ni wajibu wa kawaida wa binti wa Isan, awe ameolewa na Mthai au na mgeni, na anayemwoa ameoa na wajibu huo. Waliolielewa hili mapema, hasa waliojifunza lugha, huzungumzia vijiji vyao kwa mapenzi ambayo ni nadra kuyasikia kwenye baa za Pattaya.

Katika mazungumzo yao ya kila siku, barabara zinatajwa sana, na kwa sababu nzuri: Thailand imo miongoni mwa nchi zenye vifo vingi vya ajali, na wengi wanaokufa ni waendesha pikipiki. Chiang Mai, kati ya Februari na Aprili mashamba na misitu inapochomwa, hewa huwa chafu kiasi kwamba wenye pumu huhama kwa muda. Kinachowaudhi wengine ni bei mbili, kama katika hifadhi ya Khao Yai, ambako kwa miaka mingi mgeni ametozwa baht 400 na mwenyeji 40. Siasa za nchi huzungumzwa kwa tahadhari, kwa kuwa kumkashifu mfalme kuna kifungo cha miaka 3 hadi 15. Siasa za kwao huzungumzwa bila breki.

Afya ndiyo hofu inayokua na umri. Hospitali binafsi za Bangkok ni bora na zinaifahamu lugha ya mgeni, lakini hulipwa taslimu au kwa bima, na bima hupanda kila mwaka. Aliyefika miaka 70 na kisukari au presha hupata shida hata ya kukubaliwa na kampuni mpya. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje, na Mwingereza aliyehama hupoteza haki ya kutibiwa bure kwao mpaka arudi kuishi. Hivyo wapo wanaorudi nyumbani wakiwa wagonjwa, kwenye mji ambao hawana tena nyumba wala rafiki, na wapo wanaochagua kubaki. Matunzo ya wazee Thailand ni nafuu kuliko Ulaya, na karibu na Chiang Mai Mswisi Martin Woodtli alianzisha makazi ya wazee wa Kizungu waliopoteza kumbukumbu, ambako kila mmoja anatunzwa na watu wake maalumu usiku na mchana.

Mgeni akifariki, benki huifunga akaunti yake mara inapopata habari, pamoja na zile baht 800,000, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Shughuli hiyo inaweza kuchukua miezi, na mjane aliyekuwa akiitegemea pensheni ya mume hubaki bila fedha ya mazishi. Ndiyo maana wakongwe huwahimiza wageni wapya waandike wosia wa Thailand, ulioandikwa kwa Kithai na wenye msimamizi aliyetajwa kwa jina, tena wamwachie mke akaunti yake mwenyewe yenye fedha za kutosha miezi kadhaa.